Wayahudi wa New York: msosi wao, lugha yao, na stori za uongo tunazopeana

"Mgahawa wa Kiyahudi lazima uwe kosheri," yaani ufuate sheria ya dini yao ya chakula. Wapi! Katz's pale Lower East Side ipo tangu 1888, watu wanapanga foleni kwa ajili ya pastrami (nyama ya ng'ombe ya chumvi, viungo na moshi), na sio kosheri: Jumamosi wamefungua na sandwichi ya Reuben unawekewa chizi juu ya nyama, wakati kwa sheria yao nyama na maziwa haviliwi pamoja.

"Kosheri ni rabi kaja kubariki chakula." Hii ndo imeenea kuliko zote. Rabi habariki chochote, anakagua. Mnyama awe anacheua na kwato zimegawanyika, achinjwe na mtu aliyesomea kazi hiyo kwa kisu kisicho na pengo hata dogo, halafu nyama inalowekwa na kutiwa chumvi damu itoke. Samaki awe na mapezi na magamba, kwa hiyo kamba, kaa, pweza na ngisi vyote nje. Na nyie mnaosema "si ni halali tu hiyo kwa jina lingine", ngamia Muislamu anakula, Myahudi hali, na mvinyo ambao Muislamu hagusi ndo wanaosomea dua Ijumaa jioni Sabato ikiingia.

"Wote wametoka Ulaya." Kundi la kwanza, watu 23, lilifika 1654 likitokea Recife, Brazil, New York yenyewe bado iko chini ya Waholanzi inaitwa New Amsterdam. Leo Brooklyn kuna wenye asili ya Aleppo, Syria, na Queens kuna wa Bukhara, Asia ya Kati, ambao shughuli zao ni pilau na mishikaki, sijui nani kwetu angejiona mgeni kwenye meza hiyo.

"Wote matajiri." Nenda kasome moto wa kiwanda cha Triangle, 1911. Walikufa 146, wengi mabinti wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano waliokuwa wanashona nguo.

"Wanaandika Kiebrania." Herufi ndiyo, lugha hapana. Wengi walikuja na Kiyidishi, kimekaa Kijerumani kikachanganyika na Kiebrania na Kislavi, na sisi tulioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne tusijifanye tunashangaa. Gazeti lao la Forverts lilianza 1897, na mhariri wake Abraham Cahan mwaka 1906 akafungua safu ya Bintel Brief, watu wanaandika barua kuomba ushauri, mume katoroka kaacha watoto, bosi halipi, binti kampenda asiye Myahudi, na mhariri anajibu hadharani mji mzima unasoma, yaani umbea wenye faida. Isaac Bashevis Singer alikuwa anachapisha hadithi zake humohumo, kwa Kiyidishi hichohicho, na 1978 akapewa Nobel ya fasihi.

Na anayesema Kiyidishi kimekufa apite tu Williamsburg, Brooklyn, watoto wa Wahasidi, Wayahudi walioshika dini sana, wanatukanana kwa Kiyidishi barabarani.