Hamira mfu hunasa risasi. Ugumu ni kuitoa majini

Wengi hudhani hamira "inakula" risasi, ile metali yenye sumu, iliyoyeyuka majini. Haili. Hamira ninayotumia nimeshaiua kwa joto, na bado inanasa. Kinachonasa ni ukuta wa seli, ulioshonwa kwa sukari ndefu na protini zenye fosfati na kaboksili. Ukilowa, sehemu hizo hubaki na chaji hasi. Risasi, shaba na kadimi majini zina chaji chanya, kwa hiyo hung'ang'ania hapo, na sehemu kubwa ya kazi huisha ndani ya dakika chache. Hamira hai ningelazimika kuilisha, na sumu ikizidi ingekufa.

Cha kuchunga ni pH, kipimo cha asidi: ikishuka, maji huwa na asidi zaidi. Chini ya 3, ioni za haidrojeni, chembe zenye chaji chanya, huwahi nafasi zote na metali hukosa pa kushika. Kati ya 4 na 6 mambo huenda vizuri. Ukipandisha zaidi, metali huganda yenyewe na kuzama, nawe utaisifu hamira bure. Ndiyo maana sifanyi jaribio bila chupa ya pili: maji yale yale, bila hamira.

Maji yakijaa metali, chokaa, inayopandisha pH na kuizamisha, inatosha kuanzia. Hamira naithamini kwa metali kidogo inayosalia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi maikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, na kushuka hadi hapo kwa chokaa peke yake ni kazi ngumu.

Tatizo kubwa ni kuitoa hamira yenyewe. Seli ina maikromita 5 hadi 10 tu. Hupenya kichujio chenye matundu makubwa na kuziba chenye matundu madogo. Kwa hiyo naichanganya na alijineti, ute unaotokana na mwani, kisha naidondosha kwa sindano kwenye maji ya kloridi ya kalsiamu. Kila tone huganda papo hapo likawa shanga laini, nyeupe kama maziwa. Nazijaza kwenye bomba la kioo na kupitisha maji ya shaba: za juu hugeuka kijani-buluu kwanza, na mpaka wa rangi hushuka taratibu. Mpaka huo ukikaribia chini, nafunga maji. Unasaji huwa wa polepole kuliko wa hamira isiyo kwenye shanga, maana metali lazima ipenye ute kwanza. Tena alijineti nayo hunasa metali, hivyo shanga tupu, zisizo na hamira, hupimwa pia.

Kisha naosha kwa asidi hafifu. Metali hutoka, shanga zinatumika tena. Lakini maji hayo machache ya kuoshea yana sumu kali kuliko yale niliyoanza nayo, kwa hiyo chupa yake huandikwa lebo kabla sijamimina tone la kwanza la asidi.