Je, wajua kwa nini mwendo wa kilomita 50 kwa saa huonekana kama kutambaa ukiingia Kibaigwa?

Basi limetoka stendi ya Nanenane, Dodoma, alfajiri, kuelekea Morogoro. Barabara imenyooka, dereva yuko 80, nusu ya abiria wamesinzia. Mara kibao cha 50: Kibaigwa. Mwendo unapungua na siti za nyuma zinaanza: "Dereva, mbona unatuchelewesha?"

Basi halitambai. Ukikaa muda mrefu kwenye mwendo mkali, ubongo unauzoea, miti inayopita mbio dirishani inakuwa kitu cha kawaida. Ukishuka hadi 50 unajiona kama umesimama. Ubaya ni kwamba dereva naye huzoea vivyo hivyo. Anaweza kuapa yuko 50, kumbe mshale uko 65. Kwa hiyo atazame dashibodi, asisikilize mwili wake, hata pasipo na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo. (Ule mtindo wa madereva kuwashiana taa kuonyana kuna trafiki mbele huokoa elfu thelathini ya faini. Mtoto anayevuka hauna habari naye.)

Kwa nini iwe 50 hasa? Kibaigwa ni mji wa soko la mahindi: malori, bodaboda, mikokoteni. Tuseme mkokoteni wa magunia umechomoza ghafla. Dereva huchukua kama sekunde moja kabla mguu haujakanyaga breki. Kwa 50, sekunde hiyo imekula mita 14, na breki zitakula nyingine 14. Kwa 80, sekunde ileile imekula mita 22, na breki zinadai 35 zaidi. Hapo ni gari dogo, lami kavu, breki nzima. Basi lililojaa huomba nafasi kubwa kuliko hiyo. Lakini kinachonishtua mimi ni hiki: pale ambapo gari la 50 limekwisha simama, la 80 bado linakwenda zaidi ya 70. Nguvu ya kugonga hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo 80 hugonga kwa zaidi ya mara mbili na nusu ya 50.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2023, linakadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka duniani, yaani zaidi ya viwili kila dakika.

Na huko kucheleweshwa? Kilomita 3 kwa 50 badala ya 80 ni dakika moja na sekunde 21. Konda kushusha gunia moja huchukua zaidi, na hakuna anayemfokea.