Si helmeti tu, jamani

Juzi tena. Darasa limeisha, watu wanavua glovu, mwanafunzi mmoja ananiuliza kwa nini kila mwaka natoa ada kwenye chama cha kutetea haki za waendesha pikipiki. Sijafungua mdomo, akajijibu mwenyewe: "Si wale wasiotaka kuvaa helmeti, mwalimu?" Nimefundisha watu kukata kona miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia karibu mara nyingi sawa na "mwalimu, imezima tena". Basi leo nayaandika yote, atakayeuliza kesho nitamtumia kiungo.

Helmeti kwanza, tuimalize. Vaa. Tafiti nyingi zilipojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba inapunguza hatari ya kufa kwenye ajali kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Anayebishana na hilo darasani kwangu hapandi. Ila ni kweli, sehemu kubwa ya harakati hizi ilianzia hapohapo. Marekani, sheria ya 1966 iliyatishia majimbo kunyimwa fedha za barabara yasipolazimisha helmeti, wapanda pikipiki wakacharuka, na mwaka 1976 Bunge likaiondoa adhabu hiyo. Uingereza helmeti ikawa lazima 1973. Mzee mmoja, Fred Hill, akagoma, akafungwa tena na tena, na 1984 akafia gerezani. Msimamo wake nauheshimu, uamuzi wake hapana. Tena kuna jambo wenzangu chamani hawapendi nilitaje: Florida ilipolegeza sheria yake mwaka 2000, vifo vya waendesha pikipiki vilipanda. Mimi siwezi kuuita huo ushindi.

Sasa linalonichoma. Kingo za chuma za pembeni mwa barabara.

Umewahi kuchuchumaa kwenye kona ukazitazama? Lile bapa lenye mawimbi limewekwa kwenye kimo cha bampa. Gari likiligonga, linapinda na kulirudisha gari barabarani. Kwa gari, kazi safi kabisa. Chini ya bapa kuna uwazi, na ndani ya uwazi huo, kila baada ya hatua chache, imesimama nguzo ya chuma yenye pembe kali. Pikipiki ikiteleza kwenye kona, mara nyingi mtu anaachana nayo na kuserereka peke yake kwenye lami. Lami si adui mkubwa kama umevaa vizuri. Inakula koti lako na mwendo wako pole pole. Kumbe anayeserereka anapenya chini ya bapa kama barua chini ya mlango, halafu nguzo inamsimamisha papo hapo. Na kifua hakivai helmeti.

Dawa yake haina siri. Linafungwa bapa la pili chini ya lile la kwanza, uwazi unazibika, na aliyeanguka anateleza sambamba nalo mpaka mwendo umwishie. Hispania ilikuwa na kiwango rasmi cha kupima vizuizi hivyo tangu 2005. Sayansi ipo. Anayekosekana ni mtu wa kuuliza "na mimi je?" wakati kingo zinapimwa kwa kugongwa na magari. Wahandisi nimekaa nao vikaoni, si watu wabaya hata kidogo. Ni watu wema wanaokuja kikaoni na gari.

Hapa kuna doa langu. Norway waendesha pikipiki walizipigia kelele kingo za kamba za chuma (badala ya bapa, kamba zimevutwa kutoka nguzo hadi nguzo), na mwaka 2006 serikali ikapiga marufuku kuweka mpya. Mfano huo nimeutamba miaka. Lakini Sweden kamba hizohizo ziliwekwa katikati ya barabara kutenganisha wanaokwenda na wanaorudi, na vifo vya watu wa pikipiki kwenye barabara hizo vikapungua, maana kamba ilizuia kugongana uso kwa uso. Sisi tulikuwa tukihubiri kwamba kamba inamkata mtu kama uzi unavyokata mche wa sabuni. Mvunjaji mkubwa ni nguzo, na nguzo ziko kwenye kingo za bapa na za kamba pia. Huenda basi tulipigana na chuma kisicho chenyewe. Nilipolisema hilo kikaoni nilitazamwa kama msaliti, na mpaka leo sina jibu ninaloweza kuliapia.

Kupenya katikati ya foleni nitapita haraka. California iliandika neno hilo kwenye sheria mwaka 2016, na utafiti wa huko uliona wanaopenya wanagongwa kwa nyuma mara chache kuliko wanaokaa foleni, na kwamba kupenya ni salama kiasi, mradi wasiyazidi magari mwendo kwa zaidi ya kilomita 24 hivi kwa saa. Zingatia hiyo "mradi". Wengi wanaonitumia utafiti huo wameishia kusoma kabla yake.

Wale wa "mimi naendesha kwa adabu zangu, hayanihusu" ndio wananimaliza. Mwaka 1981 Marekani ilitoka ripoti ya Harry Hurt, iliyochunguza ajali 900 za pikipiki kwa kuzifuata zilikotokea. Ajali zilizohusisha gari jingine, theluthi mbili hivi gari ndilo lililoingia kwenye njia ya pikipiki. Adabu yako inafanya nini hapo? Wafaransa walilielewa mapema. Mwaka 1980 waliunda shirikisho la "waendesha pikipiki wenye hasira" (jina rasmi hilo, sitanii), na 1983 wakawa na bima yao wenyewe kwa sababu bei walizotozwa ziliwachosha. Hasira yenye risiti, hiyo naipenda.

Yule mwanafunzi alinipigia wiki hii. Kuna taa ambayo usiku, akiwa peke yake, inabaki nyekundu tu. Nikamweleza: chini ya lami kuna waya uliozungushwa, unahisi chuma, uzito hauuhusu kitu, kwa hiyo asisimame katikati ya duara, asimame juu ya mstari uliochongwa kwenye lami. Akajaribu, wapi. Basi kifaa kimewekwa kihisi magari tu, lazima mtu akirekebishe. Akaniuliza amwandikie nani, na kama barua ya mtu mmoja huwa inasomwa.

Nikamtumia fomu ya chama. Ameijaza nusu.