Kupe yuko ukutani

Juzi bwana mmoja wa Ntinda aliniletea mbwa wake wa Kijerumani, jike wa miaka minne, anatokwa na damu puani. Nikainua mdomo: fizi nyeupe, na tumboni vidoa vyekundu kama vya kuumwa na viroboto. "Amelishwa sumu, daktari," akasema. "Kupe hana. Askari humkagua kila Jumapili." Nikakunjua sikio. Wamo watatu, wadogo kama ufuta.

Huo ni ugonjwa wa bakteria anayeitwa Ehrlichia canis, ambao wengi wetu hapa Kampala huuita tu homa ya kupe. Bakteria huyu huingia kwenye chembe nyeupe za damu, na chembe zinazogandisha damu hupungua, ndiyo maana pua huvuja. Mbwa wa Kijerumani huumia kuliko wengine. Wamarekani waliliona hilo Vietnam mwishoni mwa miaka ya 1960, walipopoteza mamia ya mbwa wa jeshi.

Wateja huniuliza: je, umeenea sana mjini? Jibu hutegemea unahesabu nini. Kipimo cha haraka cha tone la damu hutafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria huyo. Alama hizo hubaki miezi, hata miaka, na mbwa aliyetibiwa akapona bado ataonyesha mistari miwili. Kipimo cha vinasaba hutafuta bakteria mwenyewe, kwa hiyo mara nyingi idadi hushuka, ingawa nacho humkosa akiwa amejificha kwenye bandama. Na darubini? Hata kwa mbwa anayeungua kwa homa, ni mara chache sana kumwona ndani ya chembe. Mtu akikuambia "asilimia kadhaa ya mbwa wa mjini wanao", muulize kwanza alitumia kipimo gani.

Wanaofika kliniki ni wachache tu. Baada ya wiki mbili hadi nne za homa na kukataa chakula, wengi hupata nafuu hata bila dawa, wakala, wakabweka usiku, huku damu bado ina bakteria. Hali hiyo inaweza kudumu miaka. Baadhi yao uboho huchoka kutengeneza damu, na hao ndio huja tumeshachelewa. Yule jike wa Ntinda, nina wasiwasi, yuko karibu na mpaka huo.

Wengi hudhani kupe ni shida ya kijijini, ya malisho na ng'ombe. Kupe wa ng'ombe ni wengine. Huyu wa kahawia wa mbwa ni mtu wa mjini kabisa: hupenda banda la saruji, na Kampala haina baridi ya kumfukuza. Akishiba huanguka, hupanda ukuta, na jike hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa. Watoto huanguliwa bila bakteria. Humpata kwa kunyonya mbwa mgonjwa, kisha wakikua humhamishia mbwa mwingine. Kupe mkubwa aliyeambukizwa anaweza kukaa siku 155 na bado akaambukiza. Sasa fikiria mbwa watatu wa ulinzi wanaofungiwa banda moja mchana kutwa.

Dawa ni doksisaiklini, miligramu 10 kwa kilo kila siku, kwa siku 28. Wenye mbwa huacha siku ya tano, mbwa anapoanza kula. (Na tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe usimkadirie mbwa kwa kifuniko cha chupa. Nimeshawapokea wa namna hiyo.)

Jioni nilipita kwa yule bwana. Banda safi, limepigwa deki. Nikamwomba askari msumari, nikachokoa ufa ulio juu ya mlango, karibu na bati. Wakamwagika kama dengu.

"Kumbe Jumapili zote hizo," askari akasema, "nilikuwa nakagua mbwa."