Kamera ikiwa chini haimaanishi mhusika ana nguvu, na mengine tunayodanganyana kuhusu muvi

Kuna vitu watu wanakariri kuhusu muvi kama jedwali la kuzidisha, nyekundu mapenzi, nyeusi ubaya, kamera ikiwa chini mtu ni mkubwa, ikiwa juu mtu ni mdogo, basi imeisha. Halafu unaangalia sini nzuri ukiwa na hilo jedwali kichwani, kile kilichowekwa mbele ya macho yako kinakupita, na hilo linaniuma kweli.

Dhana: ukimpiga mtu picha kutoka chini anaonekana ana nguvu.

Ukweli: mara nyingi ndiyo, ila sio sheria. Angalia Citizen Kane ya 1941. Kane, tajiri mwenye magazeti, ameshindwa uchaguzi, habari zake na mwanamke wa pembeni zimejaa magazetini, rafiki yake Leland anakuja amelewa kumpasulia ukweli, na hapo ndo kamera inashuka kuliko kawaida, mpaka sakafu ya seti ilibidi ikatwe ili iingie. Kane anaonekana jitu kweli, ila jitu lililobaki kwenye ofisi ya kampeni isiyo na watu, makaratasi yamezagaa, dari imemkaa juu ya kichwa. Enzi hizo seti nyingi hazikuonyesha dari kabisa maana juu ndo kulikuwa na taa na maiki, lakini mwongozaji Orson Welles na mpiga picha wake Gregg Toland wakatandika dari za kitambaa. Kwa hiyo ule ukubwa wake ndo unafanya kushindwa kuonekane kubaya zaidi, mtu mkubwa hivyo na hana pa kwenda.

Dhana: kila rangi ina maana yake.

Hapana jamani, maana inakuja rangi ikibadilika. Psycho ya 1960 ni nyeusi na nyeupe tupu, lakini mhusika wake Marion mwanzoni tunamwona na sidiria nyeupe, akishaondoka na dola 40,000 za kazini alizoiba tunamkuta chumbani anapanga nguo, pesa ziko kitandani, sidiria sasa nyeusi. Haongei hata neno moja. Ile nyeupe ingekaa peke yake isingesema kitu, ni hiyo nyeusi iliyokuja baadaye ndo inakurudisha nyuma kuikumbuka.

Kuna na wale wa upande wa pili, kwao kila kikombe mezani ni fumbo. Machungwa ya The Godfather (1972) yamechambuliwa miaka na miaka kwamba yakionekana tu mtu atakufa, kumbe mbunifu wa seti Dean Tavoularis alieleza kwamba aliyatumia kuchangamsha seti zenye giza. Binafsi sioni kama hiyo inaharibu kitu, rangi kali kwenye giza jicho linaikimbilia tu, iwe imepangwa kuwa ishara au haijapangwa.

Na tukiwa hapohapo, wengi wanadhani giza kazi yake ni kutisha. Kwenye hiyohiyo The Godfather, mpiga picha Gordon Willis aliweka taa juu ya Marlon Brando, anayeigiza bosi wa mafia, makusudi, macho yake yakazama kwenye kivuli, unabaki unajiuliza huyu mzee anawaza nini. Halafu nje kuna harusi, jua kali, watu wanacheza! Ingekuwa giza mwanzo mwisho ungelizoea, ila ukitolewa ndani ukapelekwa nje ukarudishwa tena ndani, unajua kabisa hii familia ina milango miwili.

Dhana: hisia zote zinatoka usoni kwa muigizaji. Karibu miaka 100 iliyopita kule Urusi mwongozaji Lev Kuleshov alichukua uso uleule wa muigizaji Ivan Mozzhukhin akaunganisha na supu, na jeneza, na mwanamke, na inasimuliwa watu walimsifia kwa njaa, kwa huzuni, kwa tamaa, na uso haujabadilika hata kidogo.

La mwisho, kwamba picha ikiwa na ukungu nyuma ndo kamera ya maana. Ukungu unategemea uwazi wa lenzi (tundu la kupitisha mwanga), urefu wake wa fokasi na umbali, na kuna sini ungeiua kabisa. Rudi Citizen Kane, Kane akiwa mtoto, mama yake yuko mezani anasaini karatasi za kumtoa akalelewe kwingine, na kwa mbali dirishani, bila ukungu wowote, yule mtoto anacheza kwenye theluji na hajui chochote.