Unaenda kumtembelea rafiki mji wa jangwani kwa gari? Kuna uongo mwingi umeshalishwa

Kila nikisema nakatiza jangwa kwa gari kwenda kuwaona marafiki napewa ushauri na watu ambao hata hawajawahi kukanyaga huko, na mwingi ni wa uongo, mwingine unachekesha tu lakini mwingine unaweza kukuua kabisa.

Dhana: jangwa ni mchanga mwanzo mwisho.
Ukweli: jangwa linapimwa kwa mvua, sio mchanga. Sehemu isiyofikisha kama milimita 250 kwa mwaka ndo jangwa, ndo maana Antaktika nayo ni jangwa, tena kubwa kuliko yote. Sahara yenyewe mchanga ni kama robo tu, kilichobaki ni mawe, changarawe na milima.

Dhana: punguza upepo wa tairi, lami ya moto itazipasua.
Ukweli: hii inanikera kuliko zote, yaani mtu anakwambia kwa kujiamini kabisa. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja sana kila likizunguka, kule kujikunja ndo kunazalisha joto, na joto ndo linalipasua. Pima asubuhi tairi likiwa limepoa, fuata kiwango kilichoandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva na sio ile namba ya ubavuni mwa tairi maana hiyo ni ya mwisho kabisa kustahimili. Mchana baada ya masaa mawili barabarani geji itasoma juu, ni kawaida, usitoe kitu. Kupunguza upepo ni kwa anayeingia kwenye mchanga laini, na akirudi kwenye lami anajaza tena.

Dhana: likikukuta tufani la vumbi washa hazadi, tembea mdogo mdogo.
Ukweli: toka barabarani kabisa, kaa mbali kadiri unavyoweza, simama, zima taa ZOTE, weka handibreki, halafu toa mguu kwenye breki. Najua, hata mi mara ya kwanza nilidhani ni utani, uzime taa wakati huoni hata boneti yako? Lakini fikiria aliye nyuma, naye haoni kitu, akiona taa zako anajua hapo ndo barabara ilipo, anazifuata, anakuja kukugonga ukiwa umesimama. Kule Arizona, jimbo la Marekani lenye jangwa, madereva wanafundishwa hivyo hivyo.

Dhana: jangwani hofu ni kiu, mafuriko waachie wengine.
Ukweli: waulize Dubai. Aprili 16, 2024 mvua ya siku moja ilizidi ile wanayoipata kwa mwaka mzima, barabara kuu zikageuka mito na watu wakaacha magari yao humo humo. Ardhi kavu iliyoshikana hainyonyi maji haraka, yanakimbia tu. Na mvua inaweza kuwa imenyesha milimani huko mbali, wewe kwako jua linawaka, korongo likajaa ghafla. Maji yanayokimbia ya sentimita 30 tu yanatosha kuliinua gari dogo, yakifika 60 hata yale magari mnayoyaita ya kiume yanaenda. Kwa hiyo kupumzika ndani ya korongo kavu kisa kuna kivuli, hapana.

Dhana: ukipotea utakata kaktasi unywe.
Ukweli: hapana jamani, nyingi zitakutapisha na kukumalizia hata maji uliyobaki nayo mwilini. Beba maji kwenye gari na yanywe, usiyabane "ya baadaye".

Dhana: usiku ni baridi kali, beba mablanketi.
Ukweli: hii ni nusu nusu. Nje ya mji kweli, hewa ni kavu, mawingu hakuna, joto linapaa lote. Lakini rafiki yako anakaa mjini, na zege na lami vinashika joto la mchana vinalitoa usiku kucha. Phoenix, mji wa huko huko Arizona, mwaka 2023 walipata siku 31 mfululizo za nyuzi 43 na zaidi, na kuna usiku 16 mfululizo joto halikushuka chini ya nyuzi 32. Mi nilishawahi kufika kwa watu na mablanketi mawili, mwenyeji akayaangalia, akaniangalia, akanyamaza.

Dhana: ukiwa mgeni huko usioge oge, unawamalizia maji.
Ukweli: inategemea mji. Las Vegas karibu maji yote yanayotumika ndani ya nyumba yanasafishwa na kurudishwa Lake Mead, ziwa wanakotoa maji yao, yanayopotea ni yale ya kumwagilia nyasi nje. Windhoek, Namibia, ndo kabisa, tangu 1968 wanasafisha maji taka mpaka yanakuwa ya kunywa. Ila kama nyumba inategemea tenki linalojazwa na boza basi kila ndoo inahesabiwa, we muulize tu mwenyeji kabla hujaingia bafuni, haoni aibu kukwambia.

Dhana: rafiki anayekuamsha saa kumi na moja alfajiri likizo mkatembee anakuonea.
Ukweli: hayo ndo masaa yenyewe. Mkizunguka mpaka saa tatu inatosha, mnarudi mnafunga mapazia, mnalala, mnatoka tena jua likizama. Mapumziko yako utayapata saa nane mchana, wakati hata mbwa wa jirani hatoki nje.