Gemu Kuukuu Ndiyo Iliyolipa Stima

Mwezi huu tokeni za stima zimelipwa na gemu tuliyoitoa miaka sita iliyopita. Si ile mpya ambayo mwenzangu wa Malindi aliikeshea mwaka mzima. Hiyo bado inalipa deni lake. Ni ile kuukuu, yenye picha za kizamani na kosa dogo kwenye menyu ambalo hatujalirekebisha kwa sababu wachezaji wenyewe wameshalizoea. Tuliiweka kwa nusu bei Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, watu wa Ujerumani na Brazil nisiowajua wakainunua, nami nikawasha feni.

Vijana wanaonijia hapa Langoni, kisiwani Lamu, na wengine wanaoniandikia kutoka Mombasa, huuliza swali moja: gemu ya aina gani ndiyo itakayotutoa? Mimi mchapishaji mdogo swali langu ni jingine. Tukikosa bahati mara tatu mfululizo, mara ya nne tutakuwa bado tupo?

Kwanza niseme kazi yenyewe, maana hata nyumbani hawaielewi. Mtengenezaji hutengeneza gemu. Mchapishaji humpa pesa za kuimalizia, hutafuta watu wa kuichezacheza wakisaka makosa, huilipia tafsiri, huipeleka dukani, huitangaza, kisha hukusanya mapato na kugawa. Nilipomweleza hivi jirani yangu, nahodha aliyestaafu, alinikatiza.

"Ngoja, mwanangu. Huyo fundi wako ndiye mvuvi. Nyavu na mafuta ni za nani?"

"Zangu, ami."

"Na bahari?"

"Bahari ni ya Steam."

"Bahari nayo yachukua fungu?"

Nikamwambia asilimia 30. Alicheka hadi kahawa ikamwagikia kikoi. "Mie nimevua miaka arubaini, bahari haijaniletea risiti hata siku moja!"

Alikuwa ameelewa kuliko vijana wengi wenye shahada. Samaki wakishushwa, gharama za safari hutolewa kwanza, chombo kikapata fungu lake, kilichobaki ndicho wanachogawana mabaharia. Kwetu ni hivyo hivyo, ila waliotangulia kwenye kapu ni wengi zaidi.

Tuseme mtu wa Chicago amenunua gemu yetu kwa dola 10. Steam inachukua 3, zinabaki 7. Halafu Marekani inakata kodi yake ya asilimia 30 kwenye mapato yaliyotoka kwao, kwa kuwa Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi wa kutupunguzia. Mwenzetu wa Cape Town, akijaza fomu zake sawasawa, hakatwi, maana Afrika Kusini wanao mkataba huo. Sisi tunabaki na dola 4 na senti 90. Tukigawana nusu kwa nusu na mtengenezaji, kila mmoja ana 2.45. Na hiyo ni bei kamili. Siku za ofa, gemu ikiuzwa dola 5, fungu langu ni dola 1 na senti 22. Benki bado haijatia mkono. Kwa mnunuzi wa Ulaya kodi hiyo ya Marekani haipo, ila VAT imo ndani ya bei na hutolewa kabla hamjaanza kuhesabu.

Kuna maduka yenye huruma zaidi. Epic ilipofungua duka lake Desemba 2018 ilitangaza asilimia 12. Kule itch.io muuzaji ndiye anayeamua duka lichukue ngapi, hata sifuri. Steam nayo hushusha hadi asilimia 25 gemu ikishaingiza dola milioni 10, kiwango ambacho mimi hukisoma kama habari za watu waliokwenda mwezini. Basi kwa nini sihami? Kwa sababu wanunuzi hawajahama. Samaki wako kule, ndiyo maana tunavua kule.

Hapo ndipo ile gemu kuukuu inapoingia. Gemu mpya inaanza na deni: pesa za mtengenezaji, mfasiri, msanii wa picha ya dukani (usibane hapa, picha ile ndogo ndiyo inayomsimamisha mpita njia), na dola 100 za Steam kwa kila gemu, ambazo hurudi ikishauza dola 1,000. Gemu ya zamani ilishamaliza madeni yake. Kila senti inayoleta sasa ni senti ya kula. Ndiyo maana nasema usihesabu nakala za wiki ya kwanza peke yake. Hesabu una gemu ngapi zisizodaiwa.

Bingwa wa mwendo huu ni Jeff Vogel wa Spiderweb Software, kampuni ndogo ya Seattle iliyoanza 1994. Gemu yake ya kwanza, Exile, ilitoka 1995. Mwaka 2000 akaitengeneza upya kwa jina la Avernum, na 2011 akaitengeneza tena. Picha zake hazijawahi kumvutia mtu, na mwenyewe hukiri hadharani. Ana wasomaji wake, maana gemu zile ni za kusomwa hasa, anawaandikia wao, na matumizi yake hayazidi kile wanachoweza kumlipa. Wakubwa wangapi wameanguka yeye akiwepo!

Matumizi yetu sisi? Ofisi ni chumba cha juu nyumbani kwa mama. Hatulipi kodi ya nyumba, ila tunailipa bahari: upepo wa chumvi unakula matundu ya chaja, na kila mwaka laptopu moja lazima ivuke kwenda kwa fundi. Intaneti ikilala, kazi inalala. Na mishahara, niseme ukweli, haitoki kwenye gemu peke yake. Tunafanya vibarua vya tafsiri na tovuti za wenye nyumba za wageni Shela. Wapo wachapishaji wanaoona haya kusema hivyo. Mimi kibarua kimenifikisha hapa.

Soko la nyumbani tulilijaribu. Bei za Steam hapa ni za dola, na kijana wa Lamu gemu anacheza kwenye simu, au kibandani kwa kulipia mechi. Tukauza wenyewe kwa M-Pesa: tuma pesa, nikutumie namba ya kufungulia gemu kwa WhatsApp. Steam huwapa watengenezaji namba hizo bure wakauze nje ya duka lake, na mauzo hayo haiyakati. Walionunua walikuwa wachache, wengi wao marafiki. Kuna na duka moja dogo la mtandaoni la ng'ambo lililofunga milango likiwa na mauzo yetu ya miezi mitatu. Barua pepe zangu bado zinasubiri jibu. Tangu hapo sikubali pesa yangu ilale dukani kwa mtu.

La mwisho ni mkataba, na hapa sina mzaha. Pwani nzima inamjua tajiri anayemkopesha mvuvi mashine na nyavu, halafu samaki lazima auziwe yeye, kwa bei yake, na deni haliishi. Mchapishaji anaweza kuwa tajiri wa namna hiyo bila hata kujijua. Mwaka 2021 wachapishaji wa gemu Raw Fury wa Stockholm waliweka mikataba yao hadharani, kila mtu aisome. Niliisoma usiku kucha, asubuhi nikafuta vifungu viwili katika wetu. Kimoja kilituruhusu kuhesabu kama deni gharama yoyote ya matangazo bila kumuuliza mtengenezaji. Sasa kuna kikomo kilichoandikwa kwa tarakimu. Gharama yetu ikirudi, tunagawana nusu kwa nusu, na kila baada ya miezi mitatu mtengenezaji anapata karatasi ya hesabu, hata kama hakuna cha kugawa.

Ya robo hii niliituma Jumatatu kwa yule wa gemu mpya: mauzo, makato, walioirudisha gemu na kurejeshewa pesa zao, deni lililobaki. Mstari wa mwisho ulisema, fungu lako, sifuri. Nilikaa na simu mkononi nikingoja matusi. Baada ya swala ya alasiri akajibu: "Imefika. Ofa ya Juni tuishushe mpaka ngapi?"